Kuandaa Matawi na Magogo ya Asili kwa Vizimba vya Wanyama Watambaao

Tawi kavu lililoanguka chini ya mkwaju huonekana halina kitu. Likigongwa chini mara tatu au nne, hutoka siafu, tandu, na pengine hata nge. Vile visivyoonekana kwa urahisi ndivyo vingi zaidi: mayai ya wadudu, utitiri, ukungu na bakteria. Tawi hilo likitiwa kizimbani jinsi lilivyookotwa, wageni wote hao huingia pamoja nalo. Nyoka, kinyonga au kobe aliyefungiwa humo hana pa kukimbilia.

Katika Kaunti ya Kilifi wapo wakazi wanaoishi kwa kazi ya kutunza wanyama watambaao. Watamu ina kituo cha Bio-Ken, kinachojulikana kwa utafiti wa nyoka na elimu kuhusu kuumwa na nyoka. Wapo pia wakazi wanaotunza kobe kwa kibali, na vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii. Wote hao huhitaji magogo na matawi, na wengi huyatafuta shambani, msituni au ufuoni badala ya kununua.

Hakuna ubaya kutumia mti wa asili, ila unataka subira. Mti ulioandaliwa vizuri humfaa mnyama kwa miaka. Ulioandaliwa kwa haraka unaweza kumwua, kumtia mtunzaji hatarini, au kumfikisha mwananchi mahakamani kwa sababu ya mahali alipoutoa.

Leseni kabla ya gogo

Kabla ya kuzungumzia mti, wakazi wanakumbushwa kuhusu mnyama mwenyewe. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kobe aliyeokotwa barabarani, kinyonga aliyeletwa nyumbani na watoto, na chatu aliyekamatwa bandani kwa kuku, wote ni wanyamapori mbele ya sheria. Kujenga kizimba kizuri hakumpi mtu haki ya kuwafuga.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, huku ulinzi wa wanyamapori ukibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo anayetaka leseni huanzia kwa KWS. Anayetaka ushauri kuhusu afya ya mnyama aliyeidhinishwa kufuga anaweza kumwona daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yake.

Kwa nini mnyama anahitaji mti

Wanyama watambaao hawazalishi joto la mwili kama mbuzi au ng'ombe. Hujipasha moto kwa kuota jua na kujipoza kwa kuingia kivulini. Tawi lililoinuliwa humwezesha mjusi kusogea karibu na jua asubuhi na kushuka mchana linapokuwa kali. Mnyama aliyewekwa kwenye sakafu tupu hana hiari hiyo. Hudhoofika, hukataa kula, na chakula anachokula hakisagiki vizuri tumboni.

Gogo lina kazi nyingine pia. Nyoka anapojivua gamba hutafuta kitu cha kukwaruza ili kulianzisha kutoka mdomoni. Kinyonga hutembea kwa kushika vijiti kwa vidole vyake, na hawezi kuishi vizuri mahali pasipo na vijiti vya kushika. Kobe huhitaji mahali pa kujificha, na akifugwa na wenzake huhitaji kizuizi ili asionekane nao saa zote.

Kwa hiyo mnyama ndiye anayeamua mti wa kutafutwa. Chatu mkubwa anahitaji gogo nene lisiloyumba. Kinyonga anahitaji matawi membamba mengi ya unene tofauti. Kobe anahitaji gogo la chini lenye uwazi mkubwa wa kutosha kuingia na kugeuka. Gogo la kobe lisiwe na mteremko anaoweza kuupanda na kupinduka, kwa sababu kobe aliyelala chali kwenye jua la Pwani anaweza kufa kwa joto.

Mahali pa kuchukua na mahali pa kuacha

Mahali bora ni shambani. Wakulima wa Kilifi hupanda mivinje kwa ajili ya nguzo za kujengea, na baada ya kuvuna hubaki na matawi ambayo mara nyingi huishia jikoni. Matawi ya mipera yaliyopogolewa na ya mikwaju yaliyoanguka yanafaa pia. Mkulima huombwa kwanza, na huulizwa swali moja muhimu: mti huu umepuliziwa dawa lini? Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, na miembe hupuliziwa dawa za wadudu wa matunda. Kuni zilizokaa karibu na josho la ng'ombe, au nguzo za boma linalonyunyiziwa dawa ya kupe, zisitumike kabisa. Mti hunyonya dawa, na kuosha hakuitoi yote.

Sehemu nyingine zinalindwa na sheria, na hazifai kuguswa bila idhini:

- Msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu mingine ya umma iko chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Ruhusa ya kuokota kuni kavu, inayotolewa kwa wanachama wa vyama vya kijamii vya misitu, ni ya kuni. Anayetaka magogo kwa kazi nyingine aulize kwanza katika ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

- Makaya ya Wamijikenda, yakiwemo Kaya Kauma, Kaya Fungo, Kambe, Ribe, Jibana na ya Rabai, ni mahali patakatifu. Mwaka 2008 misitu kadhaa ya makaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mti wa kaya, ukiwa mbichi au mkavu, si wa kuokotwa na mpita njia.

- Mikoko ni misitu ya umma. Kukata mkoko bila kibali ni kosa, hata kama mti umekauka ukiwa umesimama.

- Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zinasimamiwa na KWS. Kilichosukumwa na mawimbi ndani ya mipaka ya hifadhi hakichukuliwi bila ruhusa.

Sheria hizi zina sababu yake. Gogo linalooza msituni ni nyumba ya mijusi, vyura, wadudu na ndege. Kumtafutia mjusi mmoja wa kizimbani gogo kwa kuwavunjia makao mijusi kumi wa porini hakusaidii uhifadhi.

Tahadhari wakati wa kuokota

Gogo linalovutia macho ya mtunzaji huvutia nyoka pia. Kifutu hulala chini ya majani makavu bila kusogea, akitegemea rangi yake kumficha. Swila hujificha kwenye vichuguu na marundo ya kuni. Koboko wa kijani hukaa juu, kwenye miembe, mikorosho na minazi. Wengi huumwa mkono wanapopenyeza vidole chini ya kuni, au mguu wanapokanyaga wasipoona.

Anayekwenda kuokota avae viatu vya kufunika miguu, ikiwezekana buti za mpira, na glavu ngumu. Gogo lisogezwe kwanza kwa fimbo ndefu, na likigeuzwa livutwe kuelekea kwa mtu, ili upande unaofunguka uelekee mbali naye. Kazi hii ifanywe mchana. Watoto wasitumwe.

Mtu akiumwa, atulizwe, avuliwe pete na bangili, na mkono au mguu ulioumwa ufungwe kwenye ubao ili usisogee. Apelekwe hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kubana damu. Jiwe jeusi halitoi sumu, na muda unaopotea kulitafuta unaweza kugharimu maisha. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi safi papo hapo, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Miti inayofaa na isiyofaa

Mti unaofaa ni mgumu, mkavu, hauna harufu kali, na hautoi utomvu wala ulimbo. Mvinje, mpera na mkwaju zinatimiza masharti hayo. Wapo wanaoukwepa mvinje kwa kuudhani ni aina ya msonobari, kwa kuwa majani yake yanafanana na sindano. Miti hiyo miwili si ya jamii moja, na mvinje hauna ulimbo wa msonobari. Kifuu kikubwa cha nazi kilichokatwa nusu na kulainishwa kingo hutosha kuwa maficho ya mjusi mdogo.

Miti ifuatayo iepukwe:

- Misonobari, mitarakwa na mbao za saipresi. Mafuta yake yenye harufu, ambayo binadamu huyapenda kabatini, huwadhuru wanyama watambaao wanapoyavuta siku baada ya siku katika nafasi ndogo.

- Msunguti, ambao utomvu wake umetumiwa tangu zamani kutengeneza sumu ya mishale.

- Mnyaa na mbono kaburi, inayopandwa sana kuwa ua wa boma. Utomvu wa mnyaa huunguza ngozi na unaweza kuharibu macho.

- Olianda, ua zuri la bustani za hoteli. Sehemu zake zote zina sumu, mti wenyewe ukiwemo.

- Mkorosho na mwembe mbichi. Utomvu wake huwasha ngozi.

- Mwarobaini. Una kemikali za kufukuza wadudu, na kwa tahadhari ni heri usitumike, hasa pale wadudu ndio chakula cha mnyama.

- Mbuyu. Hauna sumu, lakini ni laini kama sifongo. Hunyonya maji na kuoza upesi.

Nguzo za stima, vipande vya mataruma ya reli na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai hata zikiwa za zamani. Mbao za palati zinazotoka bandarini zinaweza kutumika kwa sharti moja: ziwe na muhuri wenye herufi HT, yaani zimetibiwa kwa joto. Zenye herufi MB zimefukizwa gesi yenye sumu, na ziachwe.

Mti usiojulikana jina usitumike. Wazee wa kijiji na maafisa wa misitu wanaweza kuutambua kwa jani au gome, kwa hivyo ni vizuri kubeba tawi lenye majani badala ya kipande kikavu pekee.

Hatua ya kwanza: kukagua na kuambua

Gogo ligongwe chini kwa nguvu likiwa mbali na nyumba. Unga mwembamba ukidondoka kutoka kwenye vitundu vidogo, wadudu wanaotoboa mbao bado wako kazini. Kidole kikibonyeza na kuzama, mti umeoza. Gogo la namna hiyo lirudishwe lilikotoka.

Magome yanayobanduka yaambuliwe yote kwa panga butu au patasi, kwa sababu wadudu hutaga mayai katikati ya gome na mti. Gome lililoshika sana linaweza kuachwa kwa ajili ya wanyama wanaopanda, mradi halina nyufa. Miiba ikatwe, ncha kali zilainishwe kwa msasa, na nyufa zinazoweza kubana kidole cha mjusi zipanuliwe au zikatwe kabisa.

Kisha gogo lisuguliwe kwa brashi ngumu na maji ya moto. Sabuni na dawa za kuoshea sakafu zisitumike, kwa sababu mti huzinyonya na kuzirudisha taratibu kizimbani.

Hatua ya pili: kulowesha

Gogo la shambani lilowe kwenye pipa la maji kwa siku mbili au tatu, maji yakibadilishwa kila siku. Maji hugeuka rangi ya chai. Rangi hiyo ni ya kawaida na hutoka kwenye mti wenyewe. Wadudu waliojificha huelea juu.

Gogo la ufuoni lina kazi kubwa zaidi, kwa kuwa chumvi imeingia hadi ndani. Huhitaji wiki kadhaa ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi. Kujua kama chumvi imekwisha kuna njia rahisi. Maji ya kijiko kimoja kutoka kwenye pipa humwagwa juu ya kifuniko cheusi na kuachwa juani. Kando yake humwagwa kijiko kingine cha maji ambayo hayajatumika. Yote yakikauka, alama mbili hulinganishwa. Ikiwa ile ya pipa ina utandu mweupe zaidi, chumvi bado ipo. Ulinganisho huu ni muhimu kwa sababu maji ya visima vingi vya Kilifi yana chumvi yake tangu mwanzo.

Katika sehemu kama Ganze na Magarini, ambako maji hutafutwa mbali, si busara kuyatumia kwa gogo la ufuoni. Tawi la shambani hufanya kazi ileile kwa maji machache. Anayelazimika kulowesha angoje maji ya mvua, na maji yenye chumvi yasimwagwe kwenye bustani ya mboga.

Hatua ya tatu: joto

Joto ndilo dawa ya kutegemewa kuliko zote, mradi lifike katikati ya mti. Kiwango cha kimataifa cha kutibu mbao za kufungashia mizigo, ambacho hapa nchini husimamiwa na shirika la KEPHIS, kinataka katikati kabisa ya mbao pafike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Kipimo hicho huua wadudu walio ndani ya mbao. Mti ni kipitishio kibaya cha joto, na ndiyo maana mwiko wa mbao hauunguzi mkono. Gogo linaweza kuwa la moto nje na vuguvugu ndani.

Kwa kipande kisichozidi unene wa kifundo cha mkono, saa moja ndani ya maji yanayochemka inatosha, ikihesabiwa tangu maji yaanze kuchemka na si tangu moto uwashwe. Kipande kinene zaidi kinahitaji saa mbili au tatu. Pipa la chuma lililokatwa hufaa kuwa chungu, ila lisiwe lililobeba mafuta au kemikali. Gogo likandamizwe kwa jiwe lisielee, na watoto wakae mbali.

Gogo lisiloingia ndani ya pipa limwagiwe maji yanayochemka pande zote mara kadhaa, kisha lifungwe kwa nailoni nyeusi na kuachwa juani kwa wiki mbili au zaidi. Njia hii ni dhaifu kuliko kuchemsha, kwa hivyo gogo la namna hiyo likaguliwe kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kubanika mti juu ya moto wa wazi hakushauriwi. Huunguza nje, huacha ndani, na karibu na paa la makuti ni hatari ya moto.

Jiki: lini na vipi

Wengi hukimbilia jiki. Ina nafasi yake, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya joto. Haiingii ndani ya mti, na nguvu yake humalizwa na uchafu inaokutana nao. Hufaa kwa gogo kubwa lisiloweza kuchemshwa, na kwa gogo lililokwisha kutumika kizimbani, baada ya kusuguliwa hadi likawa safi.

Kipimo ni sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, kwa dakika 10 hadi 30. Baada ya hapo gogo lioshwe kwa maji mengi, lilowe tena kwenye maji matupu, na likaushwe juani mpaka harufu iishe kabisa. Jiki isichanganywe kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo au dawa nyingine yoyote, kwa sababu huzaa gesi inayoweza kuua. Kazi hii ifanyiwe nje, penye hewa.

Dawa za kunyunyizia mende, kupe au mchwa zisitumike kwenye gogo la kizimbani hata kidogo.

Hatua ya nne: kukausha

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Gogo likionekana kavu nje huingizwa kizimbani, na baada ya wiki mbili huota ukungu mweupe. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji unyevu. Mti ukikauka hadi maji yaliyomo yawe chini ya takriban asilimia 20 ya uzito wake mkavu, hawawezi kuendelea kuula.

Nyumbani hakuna kifaa cha kupima unyevu, lakini mizani ya dukani inatosha. Gogo hupimwa kila baada ya siku tatu na uzito huandikwa. Uzito utakuwa ukipungua. Ukipimwa mara tatu mfululizo bila kubadilika, gogo limekauka. Tawi jembamba huchukua siku chache, na gogo nene huchukua wiki nyingi.

Gogo likaushwe juu ya mawe au vijiti ili hewa ipite chini, na lifunikwe usiku umande usiliingie. Msimu bora ni wa kaskazi, hasa Januari na Februari, jua linapokuwa kali na mvua ni haba. Anayeanza kazi hii mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imepamba moto, atasubiri sana.

Gogo lililokauka lisipakwe vanishi, rangi wala mafuta. Moshi wa rangi na vipande vinavyobanduka ni hatari kwa mnyama.

Kulifunga kizimbani

Mnyama hawezi kujua kama gogo limesimama vizuri. Chatu akijiviringisha kwenye tawi lililoegemezwa tu, uzito wake huliangusha, na anaweza kuvunjika mbavu au kuvunja kioo. Gogo zito likae juu ya sakafu ya kizimba yenyewe na si juu ya mchanga, kwa sababu kobe au mjusi akichimba chini yake linaweza kumlalia. Matawi ya juu yafungwe kwa skrubu kutoka nje ya kizimba, na ncha za skrubu zisijitokeze ndani. Kabla ya mnyama kuingizwa, mtunzaji alisukume na kulining'inia gogo kwa uzito unaozidi wa mnyama.

Tawi la kuotea jua liwekwe upande mmoja, na upande wa pili pabaki kivuli. Penye taa ya joto, tawi liwe mbali kiasi kwamba mkono ukiwekwa juu yake kwa dakika moja hauungui. Tawi lisiwe ngazi ya kumfikisha mnyama kwenye mlango au kwenye tundu la wavu. Kwa kizimba cha nyoka mwenye sumu, gogo lipangwe ili mtunzaji amwone nyoka alipo kabla ya kufungua mlango. Maficho ambayo mtunzaji hawezi kuchungulia ndani yake yanaweza kumgharimu maisha.

Baada ya gogo kuingia

Kwa mwezi wa kwanza gogo likaguliwe kila siku. Unga chini yake, ukungu, harufu ya uvundo au wadudu wanaotembea ni dalili za kulitoa na kurudia hatua za joto na kukausha. Baadaye kinyesi kisuguliwe kinapoonekana, na gogo lote litolewe kusafishwa kila baada ya miezi michache.

Nyoka anayejitumbukiza majini kwa muda mrefu kuliko kawaida, na vidoadoa vyeusi vinavyotembea karibu na macho yake, huashiria utitiri. Utitiri wa nyoka hunyonya damu na kutaga mayai kwenye nyufa za mti. Huenea hasa kutoka mnyama hadi mnyama, kwa hivyo gogo lililotoka kwenye kizimba kingine ni la kuogopwa kuliko la shambani. Utitiri ukionekana, matawi yenye nyufa nyingi yachomwe, na daktari wa mifugo aitwe.

Afya ya binadamu isisahauliwe. Wanyama watambaao wenye afya njema wanaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaoleta homa na kuhara. Watoto walio chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huathirika zaidi. Gogo lililokwisha kutumika lisioshwe kwenye karai la vyombo wala karibu na kisima. Brashi na pipa lake viwe vya kazi hiyo pekee, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi.

Mambo ya kukumbuka

1. Leseni ya KWS kwanza, kisha kizimba, kisha gogo.

2. Matawi yaombwe shambani. Makaya, mikoko, misitu ya umma na hifadhi za bahari ziachwe bila kuguswa.

3. Mti usiojulikana, wenye utomvu, wenye harufu kali au uliopuliziwa dawa usitumike.

4. Fimbo iguse gogo kabla ya mkono.

5. Ambua, sugua, lowesha, chemsha, kausha. Hatua hizi zisirukwe.

6. Gogo likae imara hata mnyama akilipanda kwa uzito wake wote.

7. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Kwa maswali kuhusu leseni, wakazi waende katika ofisi ya KWS iliyo karibu. Kwa vibali vya misitu, waende kwa KFS. Kwa afya ya wanyama walioidhinishwa, ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo iko wazi kwa wote siku za kazi.